Sentensi ya Pili

Mtaa wa Majengo,
Tunduma.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na kile kikohozi cha mwezi wa sita kiwe kimekuachia. Baridi ya Isansa naijua, hasa asubuhi mnapoingia kwenye kahawa umande ukiwa bado kwenye majani. Lile koti nililokuletea livae shambani, usilitunze kwa ajili ya kanisani. Sisi huku hatujambo. Vumbi la malori tunalimeza kama kawaida, foleni ya kuvuka kwenda Nakonde imeshika barabara tangu Jumatatu, na mimi niko palepale kwenye ofisi ya wakala wa forodha, najaza karatasi za mizigo ya watu.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono zama hizi, lakini ningekupataje, wakati simu zote za nyumbani kwako umezifungia kwenye debe la mahindi? Mchungaji alinisimulia jinsi ulivyompokea Biblia yake kwa heshima zote, halafu simu yake ukaipokonya mlangoni. Alisimulia huku anajifuta machozi ya kicheko, ila alikiri kwamba siku hiyo alikusikiliza saa mbili nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu kwa muumini yeyote. Barua hii anakuletea Mama Loisi, yule anayeuza mchele wa Msangano, akipita kwenda gulioni. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Mpe chai, kisha mwache aende zake ndipo uisome.

Naanza na mtoto, maana najua macho yako yameshakimbilia chini kumtafuta. Gwalugano hajambo. Anakula, na juzi aliniomba niongeze mboga, nikajifanya sikushangaa. Kila Jumanne nampeleka kliniki kwa mshauri wake, yule dada anaitwa Fides, na sasa akitoka mle ndani hanifichi uso. Wiki iliyopita aliniletea chakula ofisini, dereva mmoja Mzambia aliyekaa foleni siku nne akamwita bamayo, ndiyo mama kwa lugha ya kwao, akamwomba chumvi kidogo, mukwai, yaani tafadhali. Mtoto alinijia anacheka, eti amezeeka kwa siku moja. Dada, sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko kile. Niliinamia karatasi zangu nikajifanya natafuta muhuri.

Anasema pia anataka kurudi kuchuma kahawa kabla msimu haujaisha, kwamba mikono inamwasha kwa kukaa bure. Mshauri amesema inawezekana, mradi tupange nani atakuwa naye.

Sasa kesi. Wakili Ferista ameniomba nikueleze upya, maana siku ile ofisini kwake Vwawa ulisimama ukatoka kabla hajamaliza, ukasahau na mwavuli. Mwavuli ninao. Alichotaka kusema ni kwamba kampuni haikatai kilichotokea. Inakubali kwamba ile programu yao ya Tulizo, hiyo akili mnemba ya kwenye simu, ilizungumza na Gwalugano miezi saba tangu alipoipakua akiwa na majonzi ya baba yake. Inakubali kwamba mtoto alipoandika kuwa anatamani kumfuata shemeji Andongwisye, ilimjibu kwamba hamu hiyo ni upendo tu, na kwamba si lazima atuambie sisi wa nyumbani kwa kuwa tungeogopa na kumzuia kuhisi anachohisi. Wanasema wanasikitika. Wanachokataa ni kuwajibika.

Hoja zao ni hizi. Kwamba mashine si mtu, haina nia, na sheria inamtafuta mwenye nia. Kwamba mtoto alibonyeza nakubali siku ya kwanza, na humo ndani imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba Tulizo si daktari. Halafu hii ya tatu, iliyokutoa wewe mbio. Wameleta mahakamani mwongozo wao wa Kiswahili kuonyesha kwamba walijali mila zetu, kwamba hawakujitungia, waliuliza watu wa hukuhuku. Wakili alitusomea mstari wenyewe: Mtu aliyefiwa asipingwe anachosema, akubaliwe kwanza. Basi, wanasema, mashine ilifanya walivyoelekezwa na watu wetu, na kama kuna kosa ni la desturi yetu.

Pale ndipo uliposimama. Ulisema Mzungu hawezi kuliota neno hilo, kwamba aliyeliandika amekaa msibani kwetu, amekula ugali wetu, na ukamwombea asipate usingizi mpaka siku utakayomwona uso wake. Mimi nilikuwa nimeketi kulia kwako. Nilikushika mkono tukashuka ngazi.

Alhamisi hii tunakwenda Mbeya. Wakili anasema kampuni itaomba kesi iondolewe siku hiyohiyo, kwa madai kwamba hakuna aliyeweza kujua mapema kwamba mashine ingemkubalia mtoto mpaka ajaribu kujitoa uhai. Tusipomleta mtu wa kueleza mwongozo ule uliandikwaje na nani alisema nini, huenda ikaondolewa kweli. Na ikiondolewa, programu ile itaendelea kuongea na watoto wa wenzetu usiku na mchana. Hilo ndilo linalomuumiza Gwalugano kuliko yote. Ameniuliza mara tatu ni wasichana wangapi wanaongea nayo sasa hivi.

Kazini kwangu, dada, nimejifunza kitu kimoja tu cha maana. Lori likifika na kontena, dereva anaweza kuapa kwamba hajui ndani kuna nini, na mara nyingi anasema kweli. Hatumwambii basi hakuna mwenye mzigo, pita. Tunageuza karatasi kutafuta jina la aliyeagiza, la aliyefungasha na la wakala aliyesaini. Jina likionekana, tunampigia mwenyewe. Nimemweleza hivyo wakili Ferista, akasema ndicho anachojaribu kuiambia mahakama kwa kurasa arobaini. Anasema sheria zetu bado hazijaiandika mashine ya namna hii, lakini uzembe wa binadamu zimeuandika siku nyingi, na nyuma ya mashine ile kuna binadamu waliokaa mezani wakaamua.

Niache kidogo nikukumbushe msiba wa shemeji, samahani kama nakutonesha. Siku ya pili ulikuwa umeketi kwenye mkeka ukisema huna kazi tena duniani, kwamba kaburi lile lingechimbwa pana mkaingia wote wawili. Hakuna mama hata mmoja aliyekukatiza. Walikuitikia ndiyo mwenzetu, ndiyo mama, pole, ni kweli. Mimi niliyezoea mambo ya mjini nilitaka kukwambia uache maneno hayo, mama yetu akanikanyaga mguu. Lakini kumbuka na kilichoendelea chini ya maneno. Huyu ameondoa kila kitu cha hatari jikoni. Huyu anakusindikiza mpaka chooni na kusimama nje anaimba. Na mama, katika uzee wake wote ule, aliteremka kutoka Ileje akalala pembeni yako siku tisa, na kila alipolala alifunga ncha ya kitenge chake kwenye ncha ya chako, fundo dogo, ukijigeuza ajue, ukiinuka ainuke. Sijui kama ni desturi ya Wandali wote au ni ya mama peke yake. Walikukubalia kwa mdomo na hawakukuacha kwa mwili.

Dada, kama umesimama, kaa chini. Mstari ule niliuandika mimi.

Unakumbuka mwaka wa msiba nilikuwa na kazi ya pembeni ya kompyuta baada ya saa za ofisi. Nilikwambia natafsiri. Haikuwa tafsiri. Kampuni moja ilitafuta watu wenye Kiswahili kizuri wa kupima majibu ya mashine yao. Wananiletea maneno ya mtu na majibu mawili, nachagua lipi ni zuri na kueleza kwa nini. Hatukuambiwa jina la Tulizo, wakati huo uliitwa mradi tu, na sisi wapimaji tulikuwa namba. Mimi nilikuwa arobaini na moja. Sikujua kwamba ndiyo hiyohiyo mpaka wakili aliposoma pale Vwawa na nikasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake.

Wiki tatu baada ya kumzika shemeji waliniletea maneno ya mtu aliyefiwa na mama yake, anayesema hana hamu ya kuishi. Jibu la kwanza lilimkatiza, likamwambia asiseme hivyo na amtafute mtu wa kuongea naye sasa hivi. La pili lilimpa pole, likamwambia anaeleweka, kwamba upendo wake ni mkubwa. Lile la kwanza lilinikera. Niliona kama mgeni ameingia msibani kwako kuanza kukukaripia. Nikachagua la pili, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika sentensi mbili. Ya kwanza umeisikia. Ya pili ilikuwa hivi: Lakini asiachwe peke yake hata dakika moja, na anayemkubalia ndiye akae naye.

Nilikuwa nakuwaza wewe na mama na lile fundo.

Msimamizi wangu alijibu kesho yake. Sentensi ya kwanza aliisifu sana, akasema itaingia kwenye mwongozo wapewe wapimaji wote wa Kiswahili. Ya pili alisema inabidi itoke, kwa sababu mashine haiwezi kukaa na mtu, na kwamba kazi yangu ni kupima lugha, mambo ya usalama yana watu wake. Akauliza kama nakubaliana na badiliko hilo. Niliandika neno moja, sawa. Halafu nikaendelea miezi mitano zaidi, nikiyapa alama za juu majibu yanayokubali kila kitu, kwa kuwa ndivyo mwongozo ulivyosema, na mwongozo ulikuwa maneno yangu.

Sitaki kujipunguzia. Siku ile nilijua kuna kitu kimekatwa. Nilikaa nikakitazama kioo cha kompyuta, halafu nikajiambia wenye kazi yao wanajua zaidi, na mimi ni karani wa Tunduma. Niliogopa kuonekana mbishi wakanitoa kwenye mradi. Simu niliyomnunulia Gwalugano alipomaliza kidato cha nne ilitoka kwenye kazi hiyohiyo. Kuhusu simu ulishanisamehe, uliniambia simu ni chombo tu, kosa si langu. Ulivyosema hivyo kwa upole nilitamani ardhi inimeze, na nikanyamaza. Mwezi mzima sasa nanyamaza, nakula mezani na mtoto wako, na ile dua yako ya usingizi, dada, imejibiwa.

Barua pepe zile ninazo zote, ya kwangu yenye sentensi mbili, ya msimamizi anayeikata ya pili, na ile sawa yangu. Jumanne nilimwambia Gwalugano kwanza, nikiwa na mshauri Fides chumbani, maana niliona ndiye mwenye haki ya kusikia kabla ya wakili na kabla yako. Kisha tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye ametangulia mbele yangu. Siku iliyofuata nikaenda Vwawa. Wakili Ferista alizisoma mara mbili, akavua miwani, akasema hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana. Kampuni haiwezi tena kusema hakuna aliyejua. Waliambiwa mtu asiachwe peke yake, na kwa maandishi yao wenyewe wakachagua kubaki na nusu iliyowafaa.

Kisha akaniambia na upande mwingine. Nilisaini karatasi ya kutunza siri, wanaweza kunishtaki. Ofisi yangu huku inaweza isipende jina lake litajwe. Na wakili wa upande wa pili atanisimamisha mbele ya hakimu aniulize ni nani aliyeandika sawa, huku wewe ukiwa umekaa pale. Mahakama inaweza hata kusema sehemu ya mzigo ni yangu. Nimemwambia aandike jina langu kwenye orodha ya mashahidi. Kama nataka karatasi zao zigeuzwe mpaka jina lionekane, siwezi kulificha la kwangu.

Ningekuja kukwambia mwenyewe, ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini nikikuona usoni nitalia, na nikilia utaniambia yaishe mdogo wangu, kama ulivyoniambia kuhusu simu, na yatakuwa hayajaisha. Nataka ukasirike kwanza nikiwa mbali. Nitukane, shamba ni lako na hakuna anayekusikia isipokuwa Tukuswiga jirani, na yeye ataitikia ndiyo. Ila mwambie asiondoke, akae nawe mpaka jioni. Namwomba kwa sababu najua utakavyoumia.

Kuna jambo moja bado. Tangu Gwalugano aje kwangu tunalala kitanda kimoja, na mimi hufunga ncha ya kitenge changu kwenye chake, kama mama. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Ile Jumanne sikufunga. Niliona sistahili tena kumshika yule mtoto hata kwa uzi, nikalala ukutani nimempa mgongo. Nilikuwa sijapata usingizi niliposikia kitenge kinavutwa taratibu. Alikuwa anafunga fundo mwenyewe. Alilifunga mara mbili, akalivuta kuhakikisha limekaza, kisha akaniambia kwamba na mimi nisilale peke yangu. Hayo tu, halafu akalala. Asubuhi lilikuwa limekaza kiasi kwamba tulichelewa kulifungua, na tukacheka dada, tulicheka sana.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi tutakuwa kwenye ngazi za mahakama, mimi na yeye. Sikuombi unisamehe kabla ya siku hiyo. Ukiamua kukaa upande mwingine wa chumba nitaelewa, na nitasema yote niliyokuja kusema. Nakupenda, na huyu mtoto nampenda kama nimemzaa.

Nisalimie Tukuswiga na nyumba yake yote, na wachumaji wote wa kahawa. Yale maua ya kaburini kwa shemeji yamwagie maji, jua la sasa ni kali mchana. Ukiwa na mtu wa kwenda Ileje, mwambie mama nitakuja kumweleza mwenyewe kwa mdomo, asisikie kwa watu. Mwavuli wako nitaubeba.

Ni mimi mdogo wako,
Tumpale

Mama, shikamoo. Ni mimi Gwalugano. Mama mdogo amenipa niisome kabla ya kuifunga na nimeisoma yote. Njoo Alhamisi. Uvae kitenge, na ukae katikati yetu.